Wafinyanzi Wanapokutana

Wahenga walisema kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Shuleni tuliwaeleza wanafunzi kuwa maana yake ni hii: fundi huwatengenezea wengine vyombo vizuri, naye mwenyewe akabaki anakula kwenye kipande cha chungu kilichovunjika. Nimeifundisha methali hiyo kwa miaka mingi na sina ugomvi na maana yake. Lakini tangu nilipostaafu na kupata wasaa wa kusoma habari za kazi hii kongwe, nimekuwa nikijiuliza swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza: huyo mfinyanzi anayekula gaeni, anakula na nani?

Mvuvi hutoka na wenzake chomboni. Mwashi hana budi kuwa na mtu wa kumpokeza tofali. Mfinyanzi, katika nchi nyingi na kwa karne nyingi, alikaa na udongo wake akifuatana na watu wa nyumba yake tu, na mtu wa nje akichungulia, kazi ilifunikwa. Ujuzi ulikuwa siri, na siri ndiyo iliyokuwa mtaji. Kwa hiyo mkutano wa wafinyanzi, yaani watu wa kazi hiyo kukusanyika kwa hiari yao, wakaonyeshana mikono yao, wakacheka na kula pamoja, si jambo dogo katika historia. Ni jambo jipya kabisa, na limeanza karibu sana na siku zetu.

Hebu ndugu msomaji atazame hali ilivyokuwa kabla. Huko Saksonia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani, mfalme Augustus alimshika kijana mmoja aliyeitwa Johann Friedrich Böttger, ambaye alikuwa akijisifu kwamba anajua kutengeneza dhahabu. Dhahabu haikupatikana. Mwaka 1708 ikapatikana kauri, ile nyeupe ya kupitisha mwanga, ambayo hadi wakati huo Ulaya iliinunua Uchina kwa fedha nyingi. Mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa katika ngome ya Meissen, na Böttger akaendelea kulindwa kama mfungwa, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa na thamani kuliko hazina. Haikupita miaka kumi, siri ikawa imefika Vienna, imebebwa na wafanyakazi waliotoroka. Upande wa pili, padri Mfaransa d'Entrecolles, aliyekuwa akihubiri Jingdezhen katika Uchina, aliandika kwao barua mbili ndefu, moja mwaka 1712 na nyingine mwaka 1722, akieleza jinsi wafinyanzi wa mji huo walivyochanganya udongo na walivyouchoma. Padri alikuwa mtu mwema, lakini kazi aliyoifanya ina jina lake, nalo ni upelelezi.

Naye Bernard Palissy, Mfaransa wa karne ya kumi na sita, alihangaika miaka mingi kuitafuta ile rangi inayoyeyuka motoni ikakipa chombo mng'ao wa kioo. Inasimuliwa kuwa kuni zilipomwishia alitia motoni meza zake na mbao za sakafu. Mke wake alisema nini, sijui kama vitabu vilimtendea haki. Mwaka 1580 alitoa kitabu kilichoandikwa kwa mtindo wa mazungumzo, ambamo Nadharia anamwomba Vitendo amfundishe, naye Vitendo anasita kutoa alichokipata kwa taabu. Mwalimu yeyote wa ualimu akikisoma atatabasamu, maana mvutano huo tunaujua. Lakini mtu aliyechoma meza yake alikuwa na sababu ya kusita.

Basi mlango ulifunguliwa na nini? Nimesoma waandishi wanaosema ni sayansi, na wengine wanaosema ni vitabu vya ufundi. Mimi nathubutu kusema ulifunguliwa kwanza na karamu ya chai.

Mwaka 1911, mjini Tokyo, kijana wa Kiingereza aliyezaliwa Hong Kong, Bernard Leach, alialikwa na marafiki zake wasanii. Wageni waliketi, wakapewa vyombo vilivyokwisha kuchomwa mara moja, na kila mmoja akaombwa achore apendavyo. Vyombo vikapakwa rangi ya kioo, vikatiwa katika tanuri dogo la kubebeka lililokuwa likiwaka pale pale. Muda si mrefu vikatolewa kwa koleo, vyekundu kama makaa, vikapoa mbele ya macho ya waliovichora. Wajapani waliufanya mchezo huo kwa kujifurahisha. Leach alikuwa mchoraji, hakuwa na habari ya ufinyanzi; alipokiona chombo chake kikitoka motoni, akaondoka pale ametekwa. Akatafuta mwalimu, akajifunza, na kazi hiyo hakuiacha tena mpaka alipokufa mwaka 1979.

Mwaka 1919 alikutana na Hamada Shoji, kijana aliyesomea ufundi wa vyombo chuoni Tokyo na kuendelea katika taasisi ya majaribio ya Kyoto. Mmoja alikuwa na jicho la mchoraji, mwingine alikuwa na kemia. Mwaka 1920 walisafiri pamoja hadi St Ives, mji wa wavuvi katika ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, wakajenga tanuri la kupanda mlima kwa vyumba, la aina ya Kijapani, ambalo halikuwahi kuonekana katika nchi za Magharibi. Hamada alirudi kwao mwaka 1923, baada ya lile tetemeko kubwa la ardhi lililoiangamiza Tokyo. Vita vikaja, nchi zao zikawa adui, na urafiki wao ukabaki. Jambo hilo halimo katika mitaala ya historia, ambayo hupenda mikataba na tarehe za vita.

Ndipo tunafika mwaka 1952. Mwezi Julai, katika jumba la Dartington huko Devon, Uingereza, uliitishwa mkutano wa kimataifa wa wafinyanzi na wafumaji. Walihudhuria zaidi ya watu mia moja kutoka nchi nyingi. Leach alikuwapo, na kutoka Japani walikuja Hamada na rafiki yao Yanagi Soetsu, mwanafalsafa aliyewatetea mafundi wa vijijini wasiojulikana majina. Yanagi alizungumza juu ya uzuri na dini ya Buddha. Leach alizungumza, maana Leach alipenda kuzungumza. Hamada aliketi kwenye gurudumu akafinyanga.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo pamoja nami. Katika mikutano yote ya walimu niliyohudhuria, na ilikuwa mingi, mtu alisimama na karatasi akasoma, tukapiga makofi, tukaenda kula. Sikumbuki hata mara moja ambapo mwalimu aliyesifika alipewa darasa la watoto arobaini, sisi wengine tukakaa nyuma tukamtazama akifundisha. Wafinyanzi walilifanya jambo hilo tangu mwanzo. Pale Dartington watu waliona mikono ya Hamada, shinikizo la kidole gumba, wakati wa kuongeza maji na wakati wa kuacha. Na mikono inayotazamwa haiwezi kuficha kitu.

Baada ya hapo hao watatu walivuka bahari wakazunguka Marekani. Walifika chuo cha Black Mountain katika Carolina Kaskazini, na mwezi Desemba walifika Helena, Montana, kwenye kiwanda cha matofali ambacho mwenyewe, Archie Bray, alikuwa ametenga sehemu yake mwaka mmoja kabla kwa ajili ya wafinyanzi. Waliowapokea walikuwa vijana wawili, Peter Voulkos na Rudy Autio, wana wa wahamiaji, mmoja wa Kigiriki na mwingine wa Kifini. Voulkos alimtazama Hamada akifanya kazi bila haraka na bila hofu ya kukosea. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe alikuwa akipasua na kurundika udongo kwa namna ambayo Leach hakuipenda hata kidogo. Mwanafunzi mzuri ndivyo alivyo.

Ugomvi nao haukukosekana. Leach alikuwa amesema kwamba wafinyanzi wa Marekani hawana mzizi mkuu wa kuwalisha, kama walivyo nao Wajapani au Waingereza. Marguerite Wildenhain, mfinyanzi aliyesoma Ujerumani katika shule ya Bauhaus na kukimbilia Marekani kwa sababu ya utawala wa Hitler, alimjibu mwaka 1953 kwa barua ya wazi gazetini. Kwa kifupi alimwambia kuwa nchi ya wahamiaji ina mizizi mingi, na kwamba huwezi kumwamuru mtu aazime mzizi wa Kijapani. Mimi namwunga mkono mama huyo. Hata hivyo, ukitafakari utaona kwamba Böttger na wenzake hawakuwa na nafasi ya kugombana hivyo. Watu wasioonana hawana la kubishania.

Mkutano wa kila mwaka ulitokana na walimu, na hapo ndipo habari hii inaponigusa. Marekani kulikuwa na chama kikubwa cha mambo ya kauri tangu mwaka 1898, kilichoshughulika zaidi na viwanda, matofali, vigae na masinki. Walimu wa ufinyanzi wa vyuoni walikuwa na kikundi chao humo ndani, wamekaa kama mashemeji kwenye harusi ya watu. Mwaka 1966 wakatoka, wakaunda baraza lao la taifa la elimu ya sanaa za ufinyanzi, linalojulikana kwa herufi zake, NCECA, na mwaka 1967 wakafanya mkutano wao wa kwanza. Tangu hapo hukutana kila mwaka wakati wa machipuko, kila mara katika mji mwingine.

Mwaka huo huo wa 1967, mwezi Machi, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Shule zetu zikaambiwa zifundishe mikono pamoja na vichwa. Chuo cha ualimu nilikosomea miaka michache baadaye kilikuwa na mkufunzi wa sanaa za mikono, mtu mkimya sana, aliyejenga tanuri la matofali nyuma ya bwalo kwa msaada wa wanachuo. Tulikanyaga udongo kwa miguu kama tunavyokanyaga wa kujengea nyumba. Vyombo vingi vilipasuka motoni. Naye kila vilipopasuka aliandika katika daftari lake: kuni za mti gani, mvua ilinyesha lini, moto uliwaka saa ngapi. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha daftari hilo. Katika vyuo vingine walikuwako wenzake wawili watatu, kila mmoja na vipasuko vyake, na hakuna ofisi iliyowahi kuona haja ya kuwakutanisha, ingawa nauli ya basi isingefilisi mtu. Alipohamishwa, daftari liliondoka naye. Nilipopita chuoni hapo nikiwa mkuu wa shule, nimekuja kwa semina, tanuri lilikuwa banda la mbuzi. Mbuzi walikuwa wamelipenda, lilikuwa na joto.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye alikwenda kusoma Marekani na kubaki huko akifundisha, aliponisimulia habari za mkutano wa mwaka 2016, nilimsikiliza kwa wivu kidogo. Ulifanyika Kansas City mwezi Machi, na ulikuwa wa hamsini. Alitarajia kukuta maprofesa. Aliwakuta, lakini pamoja nao kulikuwa na maelfu ya watu wa kila namna: wastaafu, walimu wa shule za msingi, vijana wenye michoro mikononi, wauzaji wa udongo na magurudumu. Aliwatambua wafinyanzi hotelini kwa jambo moja. Kila mmoja alipopewa kikombe cha kahawa, kabla ya kunywa alikigeuza juu chini kutazama kitako, kama daktari wa ng'ombe anayetazama meno.

Wana desturi ya kuuza vikombe. Wafinyanzi, wenye majina na wasio na majina, hutoa kikombe kimoja kimoja bure, vikauzwa, na fedha zikaenda kuwasaidia wanafunzi na wasanii. Watu hujipanga foleni mapema. Yeye alijipanga kabla ya kufunguliwa, akasimama nyuma ya bibi mmoja mwenye mkongojo ambaye alimweleza, bila kuulizwa, jinsi ya kuzuia udongo mwekundu usitoe mapovu motoni. Kijana wangu alikuwa ameteseka na tatizo hilo mwaka mzima. Alilipata jibu lake katika foleni, kwa mtu ambaye hakulijua jina lake, huku wakicheka juu ya miguu kuuma. Kikombe alichokitaka kilinunuliwa na mtu wa mbele yao. Bibi akampigia makofi mnunuzi kama aliyefunga goli.

Ukumbini aliona maonyesho ya kazi. Mafundi wawili juu ya jukwaa, kila mmoja na udongo wake, wakifinyanga na kuongea, wakitaniana, mmoja akiharibu chombo na ukumbi mzima ukiugulia kwa sauti moja. Usiku kulikuwa na dansi. Aliniambia kuwa hajawahi kuona wazee wengi namna ile wakicheza vibaya namna ile kwa furaha namna ile. Asubuhi waliingia tena kwenye mihadhara, macho mekundu, wakaandika joto la moto na vipimo vya majivu katika madaftari yao. Alirudi na anwani thelathini. Kumi kati ya hao, asema, anawaandikia hata leo kila tanuri lake linapomtenda vibaya.

Nilimwuliza swali la kizee: wanawake wa kwetu wanaofinyanga walikuwapo? Akanyamaza kwanza.

Haikuwa swali la kumwonea. Historia ya mikutano hii ina pengo mahali hapo, na ni vizuri litajwe. Mwanamke Mwafrika aliyetangulia kuonekana katika kumbi hizo ni Ladi Kwali wa Nigeria, aliyezaliwa katika kijiji cha Kwali na kufundishwa ufinyanzi na shangazi yake. Mwingereza Michael Cardew, aliyekuwa mwanafunzi wa Leach, aliona mitungi yake nyumbani kwa Emir wa Abuja, na mwaka 1954 Ladi Kwali akaingia katika kituo cha mafunzo alichokianzisha Cardew mjini humo, akiwa mwanamke wa kwanza. Mwaka 1962 alionyesha kazi yake Uingereza, na mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew na mfinyanzi wa Ghana, Kofi Athey. Hakutumia gurudumu. Alijenga mtungi kwa mikunjo ya udongo, akikizunguka chombo kwa miguu yake mwenyewe, kinyumenyume, mpaka duara likatimia. Watazamaji walishangilia. Lakini aliletwa ili atazamwe, na waliosimama kueleza maana ya alichokifanya walikuwa watu wengine. Leo sura yake iko kwenye noti ya naira 20 ya nchi yake.

Aliyepata faida ya mikono ile kwa karibu ni binti wa Afrika Mashariki, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950. Alikwenda Uingereza kusomea sanaa, akakutana na Cardew, na katikati ya miaka ya sabini akaenda Abuja kukaa na Ladi Kwali na wenzake. Ilimbidi msichana wa Kenya apitie Uingereza ili afike Nigeria kujifunza kujenga chungu kwa mikono, ufundi ambao nyanya zetu waliufanya nyuma ya nyumba. Siandiki hivyo kwa uchungu. Njia ndivyo zilivyokuwa. Vyombo vyake sasa vimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na mwaka 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu cha sanaa huko Uingereza.

Mwaka 2020 mkutano wa NCECA uliokuwa ufanyike Richmond, Virginia, ulifutwa kwa sababu ya korona, na wa mwaka 2021 ukafanyika kwa kompyuta. Kijana wangu aliuangalia wote akiwa nyumbani. Alisema aliiona mikono ya mafundi vizuri kuliko alivyowahi kuiona ukumbini, na kwamba hakujifunza chochote, kwa sababu hapakuwa na foleni.

Nilipokuwa mkuu wa shule wilayani Kyela, Jumamosi nilipenda kwenda Lyulilo, karibu na Matema, kwenye soko la vyungu kando ya Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inashuka hadi majini na mashamba ni haba. Kwa hiyo tangu zamani wamefinyanga ili wapate chakula. Wanunuzi walikuwa wakichelewa kufika. Katika saa hizo za kungoja nilikuwa nikiwaona kina mama wakitembeleana kati ya mafungu, mmoja anainua chungu cha mwenzake, anakigonga kwa kidole na kusikiliza, anasema neno, wote wanaangua kicheko. Kikisi sikukijua. Nilimwomba mara moja muuzaji mmoja anitafsirie walichokuwa wakichekea. Akaniangalia, akaniangalia tena viatu vyangu vya kazini, akasema, "Mwalimu, wewe nunua tu."

Nilinunua viwili. Kimoja bado tunapikia maharage.